Mkutano wa Mwaka wa Kijiji na Sauti Moja ya Askari

Kila mwaka hufika siku ambayo wakazi wa kijiji huitwa kukutana, chini ya mwembe au katika uwanja wa shule, ili waelezwe yaliyotendwa katika mwaka uliopita na waamue yatakayotendwa katika mwaka ujao. Siku hiyo haina gwaride wala bendi. Yanayozungumzwa ni kisima kilichoharibika, njia iliyokatwa na mvua, dawa zilizokwisha katika kituo cha afya, mwalimu asiyeonekana darasani na ng'ombe walioibwa usiku. Hata hivyo twaamini kwamba katika nchi yetu ya Uganda hakuna mkutano ulio karibu zaidi na maisha ya mwananchi kuliko huo. Leo tumependa kuuzungumza mbele ya wasomaji wetu walio jeshini na katika polisi, kwa kuwa mkutano huo ni wao pia, na kwa kuwa namna watakavyouhudhuria yaweza kuujenga au kuuvunja.

Kabla ya kupewa namba na sare, askari alikuwa mtoto wa kijiji fulani; na siku atakapostaafu, kijiji ndicho kitakachompokea. Awapo mpakani au ng'ambo, mama yake huchota maji katika kisima cha kijiji, na mkewe humpeleka mtoto mwenye homa katika kituo cha afya cha hapo. Pampu ikivunjika, sehemu ya mshahara anaoutuma nyumbani hununuliwa maji ya madumu. Dawa zikipotea, sehemu nyingine huishia katika duka la dawa. Kwa hiyo asidhani askari yeyote kwamba mambo ya kijiji ni ya raia peke yao. Yanaingia katika mfuko wake kila mwezi, hata kama hajakanyaga nyumbani kwa miaka miwili.

Sheria yetu iliyaweka mambo haya wazi. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 yasema kwamba baraza la kijiji ni wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18. Baraza si mwenyekiti, wala si wale wajumbe kumi wa kamati yake. Kamati ni watumishi. Baraza ni watu wote. Mwenyekiti anayemaliza mwaka mzima bila kuwaita watu na kuwapa hesabu amekinyima kijiji baraza lake, hata kama muhuri angali nao mfukoni.

Inafaa tukumbuke pia mabaraza haya yalikotoka. Katika miaka ya 1970, chini ya utawala wa Idi Amin, majimbo yalitawaliwa na magavana ambao wengi wao walikuwa maofisa wa jeshi, na askari wengi walifanywa machifu vijijini. Mwananchi aliyekuwa na swali juu ya kodi au juu ya njia alilazimika kumwuliza mtu mwenye bunduki, naye akaona ni heri anyamaze. Katika vita vya msituni vya miaka ya 1981 hadi 1986, wapiganaji wa NRA waliunda kamati za wananchi katika vijiji vya Luwero, nazo ziliwapatia chakula na habari. Mwaka 1987 mabaraza hayo yakawekwa katika sheria ya nchi nzima, na baada ya Katiba ya mwaka 1995 yakaitwa mabaraza ya mitaa, ambayo watu wote huyajua kwa jina la LC. Basi jeshi lililo na historia hii halipaswi kulitazama baraza la kijiji kama jambo la kigeni. Walikuwapo wazee katika vijiji hivyo waliowalisha askari kabla askari hawajawa na mshahara.

Jambo moja zaidi lapasa kukumbukwa. Uchaguzi wa wenyeviti wa vijiji uliofanyika tarehe 10 Julai 2018, wa kwanza tangu ule wa mwaka 2001, haukuwa wa kura ya siri. Watu walipanga mstari nyuma ya mgombea wao, kila jirani akimwona jirani. Mkutano wa mwaka nao ni wa hadharani. Anayeuliza swali huonekana, na jina lake hujulikana kabla ya jua kuchwa. Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu ya leo. Katika mkutano wa namna hiyo, hofu ndogo huleta hasara kubwa. Hakuna haja ya mtu kupigwa wala kutukanwa. Yatosha kumwona mwenye sare amesimama karibu na meza ya mwenyekiti, na mikono iliyokuwa ikinyanyuka hushuka.

Na maswali yanayozimwa kwa njia hiyo ni maswali ya haki. Tutazame maji. Kisima cha pampu huwekewa kamati yake, na kila nyumba hutoa mchango kidogo ili pampu itengenezwe ikiharibika. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ndivyo ilivyo kwa pampu, ambayo kipuri cha bei ndogo kisiponunuliwa mapema huishia kuhitaji fundi wa kutoka wilayani. Swali la mkutano ni jepesi: zilikusanywa shilingi ngapi, ziko wapi, na kwa nini pampu imelala miezi mitatu? Iwapo mtunza fedha ni shemeji wa askari aliyeketi mbele na bastola kiunoni, nani ataliuliza?

Tutazame afya. Tangu mwaka 2001 ada zilifutwa katika vituo vya afya vya serikali, na dawa za serikali hupigwa chapa kwamba haziuzwi. Mkutano wa kijiji ndio mahali pa kusema kwamba dawa zenye chapa hiyo zimeonekana dukani, au kwamba mganga hufika saa nne na kuondoka saa sita. Mtu asiposema hapo, atasema wapi? Hana gari la kumfikisha makao makuu ya wilaya, wala hamjui mtu wa huko.

Tutazame pia fedha za maendeleo ya muluka. Mpango ulioanzishwa mwaka 2022 ulikusudia kwamba kila muluka upelekewe shilingi milioni 100 kwa mwaka, na kwamba kaya iliyokubaliwa ikopeshwe hadi shilingi milioni 1 kwa kilimo au ufugaji. Ulikusudiwa kwa wale wanaolima chakula tu na hawana cha kupeleka sokoni. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa sababu hiyo majina ya waliopewa yanapaswa kusomwa mbele ya watu wote, ili mjane aliyeachwa aweze kuuliza kwa nini aliachwa. Jina la ndugu wa askari lisipande juu ya orodha kwa sababu ya nyota zilizo begani mwa askari huyo. Kufanya hivyo ni kumnyang'anya jirani, hata kama hakuna mlango uliovunjwa.

Hatuandiki haya kwa nia ya kuwalaumu askari wetu. Wengi wao hurudi likizo kwa adabu, huvua sare, huwasalimu wazee na kuketi pamoja na wenzao. Lakini wachache wafanyao kinyume hulichafua jina la wote, na mwananchi anapolitaja kosa hataji jina la mtu, husema tu, "Ni jeshi," au, "Ni polisi." Tena yupo askari asiyekusudia ubaya wowote, ila hajui kwamba kuwapo kwake tu kwaweza kuwafunga watu midomo. Huyo ndiye tunayependa kumweleza zaidi.

Askari aliye likizo akienda mkutanoni, aende kama mkazi. Sare na silaha vibaki vilikowekwa kwa amri. Aketi walipoketi wa rika lake, angoje zamu yake, anene neno lake, kisha awaache wengine wanene. Cheo alichonacho ni cha kambini; katika baraza la kijiji ana sauti moja, sawasawa na ya mkulima wa mihogo na ya bibi muuza ndizi. Akiwa na kesi ya mpaka wa shamba, asiilete kwa ukali mbele ya umati, bali aipeleke katika mahakama ya baraza la mtaa, ambayo imewekewa sheria yake tangu mwaka 2006. Wala asivae rangi ya chama chochote, kwa maana kifungu cha 208 cha Katiba kimesema kwamba jeshi halina upande wa siasa na kwamba liko chini ya mamlaka ya raia.

Askari polisi aliyetumwa kulinda mkutano naye ana njia yake. Asimame pembeni, mahali anapoweza kuona wote bila kuwa katikati ya msemaji na wasikilizaji. Kazi yake ni kuzuia fujo, na swali kali si fujo. Mwanamke anayepaza sauti kwa uchungu wa fedha zake hajavunja amani. Amani huvunjwa na yule anayemsukuma aketi. Kifungu cha 212 cha Katiba kimewaagiza polisi washirikiane na wananchi kwa jumla. Hatujui ushirikiano ulio bora kuliko kumhakikishia mnyonge kwamba atauliza swali lake na atarudi nyumbani salama.

Na mkuu wa kituo cha polisi akialikwa kujibu, ajibu. Wananchi watamwuliza juu ya wizi wa mifugo na juu ya vijana waliokamatwa. Watamwuliza kwa nini walidaiwa fedha ili ndugu yao apewe dhamana ya polisi, ilhali dhamana hiyo ni bure na kila kituo kinajua hivyo. Watamwuliza kwa nini mtu aliyeshindwa kulipa deni la mbegu alitiwa mahabusu kana kwamba ni mwizi. Maswali hayo ni machungu kusikia, lakini afisa anayeyajibu kwa utulivu hupata kitu ambacho hakinunuliki kwa fedha za upelelezi: watu huanza kumletea habari. Mwizi wa ng'ombe hujulikana na kijiji kabla ya kujulikana na polisi. Kijiji kinachomwogopa polisi huificha habari hiyo. Kijiji kinachomwamini huituma usiku ule ule.

Wapo watakaosema kwamba askari ana kazi kubwa kuliko hizi, na kwamba hesabu za pampu si vita. Tungependa kuwauliza wenzetu hao: mwanachama wa chama cha akiba cha Wazalendo jeshini, au cha Exodus katika polisi, angekubali mwaka upite bila mkutano mkuu na bila hesabu? Angekubali mtu mwenye fimbo asimame mlangoni ili mwanachama asiulize kuhusu akiba yake? Hangekubali hata siku moja, naye angekuwa na haki. Basi hicho anachokitaka kwa shilingi zake, akitake pia kwa shilingi za mama yake kijijini.

Kila mwaka, ifikapo sikukuu ya Tarehe Sita mwezi wa Februari, siku tunayokumbuka shambulio la Kabamba la mwaka 1981, jeshi letu huwatendea wananchi kazi njema: madaktari wa jeshi hutibu wagonjwa, na askari hukarabati vituo vya afya na kusafisha masoko. Tunazipongeza kazi hizo kwa moyo. Lakini jengo lililopakwa rangi na jeshi mwezi wa Februari litabaki na dawa mwezi wa Agosti ikiwa tu wapo watu wanaouliza habari zake. Na watu hao ni baraza la kijiji. Askari aliyebeba matofali ya kituo cha afya, kisha akamtisha anayeuliza dawa ziko wapi, ameibomoa kazi ya mikono yake mwenyewe.

Kwa hiyo tunawaomba maofisa wakuu wa vikosi na wa vituo wafanye mambo mawili. Kwanza, wawakumbushe askari wao, kabla ya kuwapa ruhusa ya likizo, adabu ya kuhudhuria mikutano ya vijiji. Pili, wasione haya kuwapokea wenyeviti na wazee wanaoleta malalamiko juu ya askari aliyekosa, na wawape jibu badala ya ahadi. Nanyi wenyeviti wa vijiji, iteni mikutano kwa wakati, someni hesabu kwa sauti, wala msimtumie askari kuwa ukuta wa kujificha nyuma yake.

Ulinzi wa nchi una mpaka wake wa mbali, ambako askari hukesha na bunduki. Una pia mpaka wake wa karibu, uwanjani mwa shule ya kijiji, ambako mkulima husimama mbele ya mwenyekiti na kuuliza fedha za kisima ziko wapi. Mkulima huyo akiuliza bila kutetemeka, na akajibiwa, basi askari wetu wamefanya kazi yao mahali pote pawili.