Barua ya wazi kwa Waziri: Wavu wangu umekosa hakimu

Mheshimiwa Waziri unayeshika jalada la mpaka wetu na Malawi kwenye Ziwa Nyasa,

Nakuandikia kutoka ufukweni Kyela. Mimi ni mama wa usipa, dagaa wa ziwa hili. Nina mtumbwi mmoja, na hadi majuzi nilikuwa na wavu, taa za sola na injini, vyote vya mkopo wa kikundi. Usiku mmoja wa giza vijana wangu watano walikuwa wameshawasha taa na usipa wameanza kupanda, boti ya doria ya Malawi ikawajia. Wakaulizwa wako nchi gani. Wakajibu Tanzania. Wakaambiwa maji yote yale si ya Tanzania, hadi kwenye mchanga. Wavu, taa na injini vikachukuliwa. Vijana wakarudi kwa kasia, wakafika jua limeshapanda.

Askari wale sitawataja, na wala sina ugomvi na taifa lao. Kwa ramani waliyopewa walikuwa sahihi. Kwa ramani yetu vijana wangu nao walikuwa sahihi.

Nilikwenda kushtaki. Ofisa akaandika jina langu, tarehe, thamani ya mali. Alipofika penye "mahali pa tukio" akaweka kalamu chini. "Mama, hapo pana mgogoro. Nikiandika Tanzania nimeamua mpaka mimi. Nikiandika Malawi nimeuza nchi." Fomu ikabaki na nafasi tupu, na shauri likaishia hapo. Wavu wangu hauna hakimu.

Mheshimiwa, unajua kuliko mimi jinsi Wajerumani na Waingereza walivyouchora mpaka huu tarehe 1 Julai 1890, wakaupitisha ukingoni mwa ziwa upande wetu. Malawi inaushika mkataba huo, na inashika pia azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika la 1964 kwamba mipaka tuliyorithi iheshimiwe. Sisi tunasema mpaka upite katikati ya maji. Tunayo hoja: kifungu cha sita cha mkataba huohuo kiliruhusu mistari irekebishwe kwa makubaliano, kulingana na hali ya mahali. Na mwaka 1954 Uingereza na Ureno zilikaa zikausogeza mpaka wa upande wa Msumbiji hadi katikati ya ziwa, huku visiwa vya Likoma na Chizumulu vikibaki upande wa Malawi ya leo. Wakoloni wawili waliweza. Kwa mpaka wa ukingoni, mama anayeingiza ndoo majini pale Matema ameshavuka kwenda nchi ya kigeni, na hana hata kitambulisho mfukoni.

Mwaka 2012, baada ya Malawi kutoa leseni za kutafuta mafuta ziwani, shauri la mpaka lilipelekwa kwa marais wastaafu wa Afrika, Joaquim Chissano akiongoza. Tulishangilia. Nilidhani wanangu watavua wakijua wako wapi. Miaka mingi imepita na mstari haujachorwa. Usuluhishi usio na tarehe ya mwisho unampa kila mkubwa sababu ya kunyamaza, na unamwacha ofisa wa chini akishika kalamu asiyoweza kuitumia. Wavu wangu hauna hakimu kwa sababu ninyi mnaogopa kumpa mtu uwezo wa kuamua.

Ninachoomba ni hiki. Kaeni na wenzenu wa Malawi muongeze muda wa usuluhishi kwa mkataba ulioandikwa, wenye siku ya kwanza na siku ya mwisho. Siku hiyo ikifika bila mapatano, shauri liende kwa waamuzi ambao pande zote mbili zimeahidi mapema kuwatii. Burkina Faso na Mali zilipigana Desemba 1985 zikigombea eneo la mpakani. Mwaka uliofuata mahakama ya The Hague ikazigawia eneo lile, nazo zikapokea. Huku kwetu, kwenye Mto Songwe wa mpakani, Tanzania na Malawi zina kamisheni ya pamoja ya bonde. Kama mnaweza kukaa meza moja kwa ajili ya mto unaohamahama, ziwa limewashinda nini?

Wakati tunasubiri, wekeni dawati la pamoja pale Kasumulu, lenye maofisa wa nchi zote mbili, la kusikiliza mashauri ya wavuvi bila kuuliza kwanza maji ni ya nani. Ng'ambo kuna Wangonde, ndugu wa Wanyakyusa wa huku kwetu kwa lugha na kwa damu. Nao wananyang'anywa nyavu, nao hawana pa kwenda. Bara hili limezoea kuwaachia wavuvi na wachungaji gharama za mipaka ambayo wakubwa wanaijadili hotelini. Mimi nimelipa yangu.

Jumamosi kikundi kinakaa na marejesho yangu hayapo. Fomu bado iko mezani kwa yule ofisa. Mheshimiwa, mwambie aandike nini.

Mama wa usipa,
Kyela