Ushirika wa Maziwa ni Ngao ya Mkulima Mdogo

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mfugaji mwenye ng'ombe wawili huishi methali hii kila asubuhi. Maziwa yake machache hayatoshi kumlipia gari wala kumnunulia tangi la kupozea, nayo hayasubiri: jua likipanda, yanaharibika. Mchuuzi wa pikipiki analijua hilo, kwa hivyo bei huitaja yeye. Ndiyo maana ninashikilia kwamba chama cha ushirika kinachomilikiwa na wafugaji wenyewe ndicho ngao bora ya mkulima mdogo.

Tuanze na Githunguri, Kaunti ya Kiambu. Mwaka wa 1961 wafugaji 31 waliunda chama cha kuuzia maziwa yao pamoja. Mwaka wa 2004 chama hicho kilifungua kiwanda chake, na leo bidhaa zake huuzwa madukani kwa jina la Fresha. Tofauti ni kubwa. Anayeuza maziwa mabichi hupata bei ya maziwa mabichi tu, ilhali mwenye kiwanda hupata pia faida ya mtindi, siagi na maziwa ya pakiti. Isitoshe, mwanachama hupata lishe ya mifugo na huduma za daktari wa mifugo kwa mkopo unaokatwa kwenye malipo yake. Kiwanda nacho huwaajiri vijana, madereva na makarani wa eneo hilo.

Haya si ya Kenya pekee. Nchini India, wafugaji wa wilaya ya Kaira, jimbo la Gujarat, walichoka kuuzia kampuni moja iliyowapangia bei. Mwaka wa 1946 wakasajili ushirika wao, ambao baadaye ulijulikana kwa jina la Amul. Kuanzia 1970 serikali ilieneza mfano huo nchini kote, na kabla ya karne kwisha India ilikuwa imeipiku Marekani kwa wingi wa maziwa.

Wapo wanaopinga. Husema kwamba mchuuzi hulipa papo hapo, ilhali ushirika hulipa mwisho wa mwezi. Ni kweli, na mzazi aliyeitishwa karo leo hawezi kulaumiwa kwa kumwita mchuuzi. Lakini mchuuzi huyo huyo hutoweka msimu wa mvua, maziwa yanapofurika. Wengine hutaja ubadhirifu. Hoja hii ni nzito zaidi. Shirika la KCC lilianguka wafugaji wakilidai pesa zao, hadi serikali ilipolifufua mwaka wa 2003. Funzo ni kwamba cheti cha uanachama hakimlindi mtu asiyehudhuria mkutano mkuu, asiyesoma hesabu za mwaka na anayempigia kura jamaa yake badala ya kiongozi mwadilifu.

Kwa maoni yangu, basi, dawa ya ushirika mbovu ni wanachama macho. Vyama navyo vitoe malipo ya awali katikati ya mwezi ili mchuuzi akose mwanya. Nawe mtahiniwa, huenda karo yako imetoka kwenye mtungi wa maziwa. Umejifunza kusoma mizania na kukokotoa asilimia. Likizo hii, mwombe mzazi akuonyeshe risiti zake za maziwa, mkazikague pamoja.