Mwaka wa Aladini na Simba: Disney, Nairobi na Malezi Yetu



Kila likizo ya shule inapokaribia, familia nyingi za pwani hufunga safari ya Nairobi kuwazuru jamaa. Watu wazima huwa na shauku ya kuonana na ami na shangazi. Watoto huwa na shauku ya sinema. Wengine huomba kupelekwa katikati ya mji, wengine huyataka majumba ya sinema yaliyomo katika maduka makubwa ya Westlands na ya Barabara ya Ngong, ambako wakazi wa Kilimani na Lavington huwapeleka wana wao. Mara nyingi filamu wanayoitaka ni ya kampuni ya Disney. Juma hili nimeona tuutazame mwaka mmoja wa kampuni hiyo, nao ni 2019. Katika mwaka ule, dini yetu, lugha yetu na watoto wetu, vyote viliguswa na kampuni moja iliyo mbali nasi.

Disney ilianzishwa tarehe 16 Oktoba 1923 na ndugu wawili, Walt na Roy Disney, huko California, Marekani. Kwa karibu karne nzima ilijijengea sifa ya kuwa kampuni ya burudani ya familia, yaani baba, mama na mtoto waketi pamoja bila ya mmoja kumwonea haya mwenziwe. Sifa hiyo ndiyo rasilimali yake kubwa. Mzazi anapoiona alama ya Disney huiachia roho yake, na hapo ndipo anapopaswa kuwa macho.

Mwaka 2019 ulianza kwa ununuzi. Tarehe 20 Machi, Disney ilikamilisha kuinunua sehemu kubwa ya kampuni ya 21st Century Fox kwa takriban dola bilioni 71. Jina la Fox si geni Nairobi. Wazee wa mji wanaikumbuka Fox Drive-In ya Barabara ya Thika, ambako watu walitazama filamu wakiwa ndani ya magari yao, na mpaka leo jengo la 20th Century lasimama katika Mtaa wa Mama Ngina, hatua chache kutoka Msikiti wa Jamia. Kisha filamu zikafuatana. Filamu saba za Disney zilizotoka mwaka ule zilipita dola bilioni moja kila moja, na kwa jumla mapato ya filamu zake duniani yalizidi dola bilioni 11, kiwango ambacho hakuna kampuni ya filamu iliyokuwa imekifikia kabla yake. Tarehe 12 Novemba ikafungua huduma yake ya intaneti, Disney+, na katika siku ya kwanza walijiandikisha watu milioni 10.

Katika filamu hizo, tatu zatuhusu sisi zaidi.

Ya kwanza ni Aladdin. Ilitolewa Marekani tarehe 24 Mei 2019, tukiwa ndani ya mwezi mtukufu wa Ramadhani mwaka 1440 Hijria, na Idi ilipoingia ilikuwa ikizungumzwa na kila mtoto. Kisa cha Aladini na taa yake tunakijua kutoka Alfu Lela Ulela, kitabu kilichosomwa na vizazi vya Waswahili. Lakini Aladini hakuwamo katika maandishi ya kale ya Kiarabu ya kitabu hicho. Alitiwa humo na mfasiri Mfaransa, Antoine Galland, aliyesimuliwa kisa hicho mjini Paris mwaka 1709 na msafiri kutoka Halab, Hanna Diyab. Kisa kilitoka Sham, kikaandikwa Ufaransa, kikafanywa katuni Marekani mwaka 1992, kisha kikaturudia sisi kikiwa na sura ambayo hatukuichora.

Sura yenyewe haikuwa ya heri. Wimbo wa kufungulia katuni ya 1992 uliwaeleza Waarabu kwa maneno ya dharau. Waarabu wa Marekani walilalamika, na mwaka 1993, filamu ilipotolewa kwa kanda za nyumbani, mstari mmoja ukabadilishwa. Mji wa Aladini, Agrabah, ni wa kubuni, haumo katika ramani yoyote. Hata hivyo mwezi Desemba 2015 shirika moja la kura ya maoni la Marekani liliwauliza wapigakura kama wangeunga mkono Agrabah ipigwe mabomu, na miongoni mwa wapigakura wa chama cha Republican asilimia 30 walisema ndiyo. Msomaji, tafakari jambo hili. Mji usiokuwapo uliombewa mabomu kwa sababu jina lake lilisikika kuwa la Kiarabu. Asemaye kuwa katuni ni mchezo wa watoto na haina neno, naaanze kwa kulipima jibu hilo. Filamu ya 2019 ilijaribu kurekebisha mengi, na Aladini safari hii aliigizwa na kijana mzaliwa wa Misri, Mena Massoud. Marekebisho hayo hayakuja wenyewe. Yalikuja kwa kuwa watu walisema.

Ya pili ni The Lion King, iliyotolewa mwezi Julai 2019, wakati watoto wa Kenya wakiielekea likizo ya Agosti na Idi ya kuchinja. Hapa twajiona wenyewe. Watengenezaji wa katuni ya kwanza, ile ya 1994, walizuru Kenya, na mandhari ya Hell's Gate karibu na Naivasha yakawaongoza katika kuchora. Kutoka lugha yetu walichukua Simba, Rafiki, Shenzi, na Pumbaa, ambalo latokana na kupumbaa. Mama yake Simba walimwita Sarabi, yaani mazigazi. Na wakachukua maneno mawili, hakuna matata.

Maneno hayo yalikuwa yamekwisha kuimbwa na bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa katika wimbo wao wa Jambo Bwana, uliotoka miaka zaidi ya kumi kabla ya katuni hiyo. Mnamo 1994 Disney iliomba kuyasajili Marekani kuwa alama yake ya biashara kwa ajili ya fulana, na mwaka 2003 ikakubaliwa. Filamu mpya ilipokaribia, mwezi Desemba 2018, mwanaharakati mmoja kutoka Zimbabwe alianzisha ombi la kuipinga hatua hiyo, na watu zaidi ya laki moja wakatia saini. Kisheria, usajili huo haumkatazi mtu kusema hakuna matata kwao wala barazani. Wahusu nguo zinazouzwa Marekani. Lakini uchungu wa watu haukuwa wa sheria pekee. Wapwani walikuwa wamekwisha kuonja jambo la namna hiyo, pale kampuni moja ya Uingereza ilipojaribu kulisajili jina la kikoi, na Wakenya wakasimama kulipinga mpaka jaribio hilo likashindwa.

Filamu ya Simba ya 2019 ilikusanya zaidi ya dola bilioni 1.6, ambazo kwa thamani ya siku zile ni takriban shilingi bilioni 170 za Kenya. Albamu ya nyimbo iliyotolewa pamoja nayo na mwimbaji Beyoncé iliwashirikisha wasanii wa Nigeria, Ghana na Afrika Kusini, na magazeti ya Nairobi yakauliza kwa haki: mbona hakuna hata mmoja wa Afrika Mashariki, ilhali nchi na majina ni yetu? Na katuni ya 1994 ilikuwa imetiwa sauti za Kizulu tangu mwaka 1995. Kiswahili kilitoa majina, Kizulu kikapewa filamu.

Ya tatu ni Frozen II, iliyotoka Novemba 2019. Huenda msomaji akauliza, sisi na theluji tuna nini? Sikiliza. Filamu hiyo ilichota utamaduni wa Wasami, watu wachache wanaoishi kaskazini mwa Norwe, Uswidi na Ufini. Filamu ya kwanza ilipotoka mwaka 2013, Wasami waliona alama zao zimetumiwa bila wao kuulizwa. Walipopata habari kuwa ya pili yatengenezwa, mabunge yao ya Norwe, Uswidi na Ufini, pamoja na Baraza la Wasami, yaliiendea kampuni. Yakatiwa saini makubaliano kwamba wataalamu wa Kisami washauriwe, na kwamba filamu itiwe sauti za Kisami cha Kaskazini, lugha yenye wasemaji wapatao elfu ishirini na kitu tu. Ikawa kama walivyoagana.

Basi tuzipime. Wasami ni wachache kuliko wakazi wa mtaa mmoja wa Nairobi, nao walipata filamu kwa lugha yao. Kiswahili husemwa na makumi ya mamilioni, na tangu 2021 UNESCO imekitengea tarehe 7 Julai kuwa siku yake duniani, nacho kikabaki na majina ya wanyama. Tofauti ni kwamba Wasami walikuwa na chombo cha kuwasemea, wakaenda mapema, wakijua wanachokitaka. Sisi tuliamka filamu ikiwa tayari, tukatia saini, tukalala tena. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Si kwamba Nairobi haina mikono. Katika vibanda vya video vya Kawangware na Kangemi, magharibi mwa mji, watu hutazama filamu za kigeni zilizosimuliwa upya kwa Kiswahili na vijana kama DJ Afro. Usimulizi huo si wote unaofaa watoto, na ruhusa ya wenye filamu ni suala jingine, lakini wathibitisha kuwa watazamaji wapo na kiu ipo. Mfululizo wa katuni za Tinga Tinga Tales, vipindi 52, ulitengenezwa na vijana wa Nairobi na kuoneshwa na BBC na Disney kuanzia 2010. Jina lake lamuenzi mchoraji wa Tanzania, Edward Saidi Tingatinga. Na mwezi Julai 2023, katika mwaka wa mia wa kampuni, Disney+ ilionesha filamu fupi kumi za waongozaji wa Afrika chini ya jina la Kiswahili, Kizazi Moto, na mmojawao ni Mkenya, Ng'endo Mukii. Mlango umefunguka kidogo. Mwenye kuupanua ni mzazi anayemwachia mwanawe ajifunze kuchora, kuandika na kuhariri, asimwambie kuwa hiyo ni kazi ya wasio na kazi.

Nyumbani je? Mwaka 2020 maradhi ya korona yalifunga majumba ya sinema, nayo burudani ikahamia kwenye simu. Disney+ ilifika Afrika Kusini Mei 2022, na Oman na nchi nyingine za Ghuba mwezi uliofuata, ambako wengi wetu tuna jamaa. Zamani, katika sinema za pwani na Unguja, palikuwa na maonyesho ya wanawake watupu, na mama alijua binti yake anatazama nini kwa kuwa ameketi ubavuni mwake. Leo binti yu chumba cha pili na simu mkononi. Napendekeza mambo manne.

Kwanza, soma alama. Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya, ambayo ofisi zake zimekuwa Uchumi House katikati ya Nairobi, huipa kila filamu daraja: GE ni ya watu wote, PG yahitaji uangalizi wa mzazi, kisha kuna 16 na 18. Alama hiyo ni mwanzo wa kazi yako. Bodi haiijui imani ya nyumba yako, wewe waijua.

Pili, tazama pamoja nao, hata kama ni nusu saa. Mtoto hukumbuka zaidi kile mama alichokitikisia kichwa au kukichekea.

Tatu, uliza maswali baada ya filamu. Nani amefanywa mwema, nani mwovu, na wamevaaje, wanasemaje? Je, ndivyo walivyo watu tunaowajua? Mtoto aliyezoea kuuliza hivyo hawezi kuishi akiogopa Agrabah, wala kuionea haya.

Nne, usimwachie Disney uwanja wote wa hadithi. Tunaye Abunuwasi, tunaye Sungura na hila zake, tunaye Fumo Liyongo. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa nasaha ambao ungali unasomwa. Hakuwa na kampuni wala skrini. Alikuwa na mtoto, na neno alilotaka limfikie.

Sisi ni wachunga, na mchunga ataulizwa juu ya alichopewa kukichunga. Kumpeleka mtoto sinema wakati wa Idi, kwa adabu na kwa kiasi, si kosa la malezi. Kosa ni kumwachia mgeni awe ndiye msimulizi pekee nyumbani, na sisi tukawa wasikilizaji tu.

Mwenyezi Mungu atujaalie watoto walio kitulizo cha macho yetu. Wabillahi tawfiq. Tukutane juma lijalo, inshaallah.