Mkono Haujafa
Hapa kwetu Bujumbura hatukawii kusema kwamba mkono wa aliyepigwa na kiharusi "umekufa". Napinga. Kilichoumia ni ubongo, nao hujifunza upya kwa kurudiarudia. Edward Taub wa Marekani alionyesha kuwa mgonjwa huzoea kutoutumia mkono dhaifu. Katika tiba yake mkono mzima huzuiliwa sehemu kubwa ya siku ili ule dhaifu ufanye kazi. Sisi tulimlisha bibi kwa kijiko, tukamfunga vifungo vya nguo, tukauita huo upendo. Vidole vyake vilivyokuwa bado vinasogea vikakakamaa. Wenzangu, ambaye vidole vyake vinasogea apewe maharage ayachambue, hata yakimwagika. Huruma inayomnyima mgonjwa kazi humnyima na mkono.