Kupima nyaya kabla ya kununua kompyuta nyingine
Katika magari yanayopanda kutoka Mombo hadi Lushoto na kulala kwenye ukungu wa Usambara, unyevu ukipenya viunganishi huweza kukata mawasiliano kati ya kompyuta za injini, breki na giaboksi, ambazo huwasiliana kwa jozi ya nyaya zilizosokotwa, mfumo uliotangazwa na Bosch mwaka 1986. Msimbo wa hitilafu unaoanza na herufi U huonyesha tu kwamba kompyuta fulani haisikiki, wala hauthibitishi kuwa imekufa. Kuibadilisha bila kupima ni kumtwisha mwenye gari hasara isiyo ya lazima. Betri ikitenganishwa, ukinzani kati ya pini 6 na 14 za soketi ya uchunguzi, katika magari mengi, hukaribia omu 60, kwa kuwa kila ncha ya jozi hiyo ya nyaya ina rezista ya omu 120, na rezista hizo mbili zimeunganishwa sambamba. Kipimo kikisoma 120, huenda waya umekatika, na kikikaribia sifuri, nyaya zimegusana.