Uwongo wa Mizani Nao ni Uwongo

MKULIMA wa Itaka, katika Wilaya ya Mbozi, hutegemea sana mazao mawili: mahindi na kahawa. Mahindi humlisha yeye na watoto wake, na ziada huiuza. Kahawa humpatia mabati ya nyumba, sare za shule na mbolea ya msimu ujao. Lakini thamani ya jasho lake la mwaka mzima huamuliwa kwa dakika chache tu, mbele ya mizani au debe. Dakika hizo chache ndizo tunazotaka kuzizungumzia leo.

Wengi wetu tukisikia neno uwongo huufikiria ulimi. Dini ya Kiislamu haikuishia hapo. Katika mafundisho yake ukweli ni sifa ya mtu mzima: ulimi wake, moyo wake na mkono wake. Mtume Muhammad, kabla hajapewa utume, aliitwa na watu wa Makka Al-Amin, yaani mwaminifu, nao walimkabidhi amana zao. Alipohama kwenda Madina mwaka 622, wakati maadui zake wakitaka kumwua, alimwacha Ali nyuma ili azirudishe amana hizo kwa wenyewe. Uaminifu wa namna hiyo haukungoja kwanza adui awe rafiki.

Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wake ni wabaya mno katika vipimo. Ndipo ikateremshwa sura ya 83 ya Qurani, Al-Mutaffifin, iliyopewa jina la wapunjaji. Sura hiyo inamlaani mtu mwenye vipimo viwili: akipokea kwa watu hujitimizia, na akiwapimia wao huwapunguzia. Watu wa Madina waliposikia hivyo, walijirekebisha. Nabii Shuaib naye, karne nyingi kabla, aliwaonya watu wa Madyan juu ya dhambi hiyo hiyo.

Sasa tuitazame lumbesa. Gunia hujazwa hadi mdomoni, kisha huongezewa kichuguu juu na kushonewa kamba, na mkulima hulipwa bei ya gunia moja. Mzigo huo ukifika mjini hufunguliwa na kuuzwa kwa kilo. Aliyenunua kwa lumbesa na kuuza kwa kilo amejitimizia alipopokea, na amepima sawasawa pale tu ambapo faida yake imekwisha kupatikana. Tuchukue mfano wa gunia linalohesabiwa kuwa la kilo 100, lakini ndani yake mna kilo 120. Kila magunia matano anayouza, mkulima huyo ametoa kilo 100 bure. Hakuna aliyemdanganya kwa neno hata moja. Gunia lenyewe ndilo lililosema uwongo.

Sheria ya nchi haikunyamaza. Sheria ya Vipimo hairuhusu kifungashio cha mazao ya shambani kizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, una kazi ya kukagua mizani na kuzuia udanganyifu. Jambo hili si geni kwa Waislamu. Katika miji yao ya kale alikuwapo muhtasibu, ofisa aliyepita sokoni akikagua mizani, pishi na ubora wa bidhaa. Lakini mkaguzi hawezi kusimama katika kila shamba la Mbozi kila siku ya mavuno. Pale asipokuwapo, kilichobaki ni dhamiri ya mtu.

Hata hivyo, haki haina upande mmoja. Wapo wakulima ambao, kwa hasira ya kupunjwa, huamua kulipiza. Huchanganya kahawa kavu na mbichi ili uzito uongezeke, au huficha mahindi yaliyooza chini ya mazuri. Imo hadithi katika mkusanyiko wa Imamu Muslim, iliyopokewa na Abu Huraira, kwamba Mtume alipita penye lundo la nafaka sokoni, akatia mkono ndani, vidole vikatoka na majimaji. Mwenye mali alijitetea kwamba ni mvua. Mtume akamwuliza mbona hakuyaweka yaliyolowa juu ili watu wayaone, kisha akatangaza kwamba mdanganyifu si mwenzake. Mvua haikuwa kosa la mtu yule. Kosa lilikuwa kuificha.

Uwongo huo haumwumizi mnunuzi peke yake. Kahawa ya wanachama wa ushirika ikichanganywa pamoja, uchafu wa mmoja hushusha daraja la wote, na mjane aliyeanika kahawa yake kwa uangalifu hulipwa bei ya mvivu. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Taifa letu halina dini, bali wananchi wake wanazo. Huko Mbozi Waislamu wanaishi na Wakristo wa Moravian na wa madhehebu mengine, na kitabu cha Mithali nacho kinaichukia mizani ya hila. Ahadi za mwana-TANU, ambazo CCM ilizirithi ilipozaliwa mwaka 1977, zilimtaka mwanachama awe msema kweli wakati wote. Basi katika jambo hili msikiti, kanisa na Chama havina sababu ya kupishana.

Kwa hiyo tunawaasa masheikh na maimamu waifanye mizani kuwa mada ya hotuba za Ijumaa kabla msimu haujaanza, si baada ya mali kuondoka. Serikali za vijiji ziikatae lumbesa mbele ya wanunuzi, wala zisifumbe macho kwa sababu ya bahasha. Kila chama cha ushirika kiwe na mizani iliyokaguliwa, nayo iwekwe mahali ambapo mkulima ataweza kuisoma kwa macho yake mwenyewe. Naye mkulima alete mali safi na kavu.

Njia ya mwongo ni fupi. Mtu anayeswali safu ya mbele na kununua kwa lumbesa ana vipimo viwili, na kwa mafundisho ya dini yake mwenyewe, siku ya kuulizwa kitatumika kimoja tu.