Watazamaji Wanapocheka Pasipochekesha

Katika vyuo vyetu sanaa ya maonyesho aghalabu hufundishwa kana kwamba kazi yote iko jukwaani. Mwanachuo huelezwa jinsi ya kuchagua mchezo, jinsi ya kugawa nafasi za wachezaji, jinsi ya kupaza sauti na kusimama pasipo kuwapa watu mgongo. Kuhusu wale watu mia mbili au mia tatu watakaoketi kwenye nyasi mbele yake, chini ya mwembe wa shule, huambiwa jambo moja tu: awanyamazishe. Makala haya yana shabaha ya kulipinga fundisho hilo. Mchezo unaoonyesha mambo machungu ya kijiji haujafundisha kitu mpaka watazamaji wamesema, na mwalimu anayewanyamazisha amelikata somo lake katikati.

Kwa mambo machungu nina maana ya mchezo usiopakwa asali. Tuchukue vijiji vya Mugango, katika mwambao wa Ziwa Viktoria, wilaya ya Musoma. Kikundi kidogo cha walimu na vijana, wachezaji saba au wanane, kinaonyesha habari ya binti wa darasa la saba ambaye huteremka mwaloni kutafuta dagaa wa mboga. Anapewa dagaa bure, kisha anapewa pesa, kisha ana mimba. Baba yake haulizi mtoto ana hali gani; auliza mhusika ana ng'ombe wangapi. Hakuna pazia ila kanga mbili zilizotundikwa kwenye kamba, wala hakuna mapambo ila kigoda na sufuria. Michezo ya namna hii si migeni katika shule zetu, na wanachuo wengi wataicheza wakati wa mazoezi ya kufundisha. Haihitaji fedha. Inahitaji moyo, maana kila aliyeketi uwanjani anamjua binti mmoja ambaye habari hiyo ingeweza kuwa yake.

Jambo la kwanza litakalomshtua mwalimu mgeni ni kicheko. Binti anamwambia mama yake kwamba ana mimba, anajifunika uso kwa kanga, na hapo hapo, pale alipotazamia kimya na machozi, uwanja mzima unaangua kicheko. Mwalimu huona ametukanwa. Husimama akagonga meza kwa fimbo, akawaambia watu kwamba jambo hili si la kuchezea. Watu hunyamaza kwa adabu, na tangu dakika hiyo hawatazami tena mchezo, wanamtazama mwalimu.

Laiti angesikiliza. Kicheko cha uwanjani si kimoja. Watoto wa mbele hucheka kwa sababu mama yule ni mwalimu wao wa hesabu aliyevaa gauni na kujifunga kitambaa. Wasichana wa darasa la saba hucheka huku wameinamisha vichwa, na hicho ni kicheko cha mtu aliyeguswa mahali asipotaka kuguswa. Wanawake wa makamo hucheka kwa sauti pana baba anapoanza kuhesabu ng'ombe, kwa sababu wamemtambua baba huyo na jina lake wanalo. Wanaume waliosimama nyuma, wakiegemea baiskeli na pikipiki zao, hucheka mvuvi anapomwita binti, lakini wakati wa ng'ombe huwasikii. Mwalimu aliye makini atajifunza mengi zaidi kutokana na nani amecheka wapi, na nani amenyamaza wapi, kuliko atakavyojifunza kutokana na makofi ya mwisho. Makofi ni adabu tu. Hata mchezo mbaya hupigiwa.

Kisha kuna wale wanaojibizana na wachezaji. Bibi mmoja atamwonya binti kwa sauti asiipokee ile pesa. Kijana atamfichulia baba jukwaani siri ambayo mchezo haujafika kuifichua. Jambo hili nalo huhesabiwa kuwa utovu wa nidhamu, hali ni urithi wetu. Msimulizi wa ngano hakusimulia peke yake. Aliita akaitikiwa, na asipoitikiwa alijua kwamba wasikilizaji wamelala au wamechoshwa. Kukaa kimya gizani kama watu walio kanisani ni desturi ya majumba ya maonyesho ya Ulaya, na hata huko si ya zamani sana: watu wa London waliotazama michezo ya Shakespeare katika karne ya 16 na ya 17 walisimama uwanjani, wakala na kupiga kelele.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili katika Afrika Mashariki uko ng'ambo ya mpaka, katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, Limuru, nchini Kenya. Huko, mwaka 1977, wakulima na wafanyakazi wa kituo cha elimu na utamaduni cha kijiji walicheza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Kikikuyu ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ambao baadaye ulitolewa kwa Kiswahili kwa jina la Nitaolewa Nikipenda. Mchezo wenyewe ni mkali kweli kweli. Kibarua Kĩgũũnda anapokonywa kipande chake kidogo cha ardhi kwa hila za tajiri, na binti yake Gathoni anatiwa mimba na mtoto wa tajiri huyo huyo, kisha anatupwa. Mazoezi yalifanyika hadharani, na waliokuja kutazama hawakutazama tu. Waliwasahihisha wachezaji, wakawasahihisha hata waandishi, juu ya jinsi mzee anavyosema na jinsi wimbo fulani unavyoimbwa. Mchezo ulipofunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977 wengi walikwisha uona kuwa wao. Ngũgĩ ameeleza kwamba Jumapili moja mvua kubwa iliukatiza mchezo kama mara tatu. Watu wakakimbilia chini ya miti na mapaa, na kila mvua ilipokatika walirudi, uwanja ukajaa kama mwanzo. Tarehe 16 Novemba 1977 kibali cha mchezo kiliondolewa. Mwisho wa mwaka huo Ngũgĩ alikamatwa na kuwekwa kizuizini, na mwaka 1982 jukwaa la wanakijiji lilibomolewa.

Wengi huisimulia habari hii kwa ajili ya kufungwa kwa mchezo na kukamatwa kwa mwandishi. Mimi naona kwamba mwalimu wa shule ya msingi ana la kujifunza zaidi katika ile miezi ya mazoezi, kabla ya siku ya ufunguzi. Watazamaji wa Kamĩrĩĩthũ hawakuletewa mchezo uliokwisha kamilika ili wausifu au wauchukie. Walikuwa wameukosoa tangu ungali mbichi. Ndiyo maana mvua haikuwatawanya.

Kwetu Tanzania, na karibu zaidi na Mugango, kazi ya jamii hiyo ilifanyika katika kijiji cha Malya, wilaya ya Kwimba, mkoa wa Mwanza, mwaka 1982 na 1983. Walioianzisha walikuwa walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi. Hawakwenda Malya na mchezo mkononi. Walianza kwa kutafuta pamoja na wanakijiji ni mambo gani yanayowasumbua, na moja kati ya hayo likawa mimba za wasichana wa shule, jambo lile lile la Mugango. Mchezo ukatungwa hapo kijijini, na baada ya maonyesho watu wakaketi kuujadili. Majadiliano hayo yalihesabiwa kuwa sehemu ya kazi yenyewe, wala hayakuwa nyongeza ya kufanywa muda ukibaki.

Sasa linganisha na desturi yetu ya siku ya wazazi. Mchezo ukiisha tu, kabla wachezaji hawajavua mavazi yao, anakaribishwa mgeni rasmi. Yeye ndiye anayewaambia watu walichokiona. Husema kwamba mchezo umetufundisha kuwa wasichana wajitunze. Watu hupiga makofi, soda hugawiwa, na yule baba wa ng'ombe aliyenyamaza nyuma hurudi nyumbani bila kusumbuliwa na mtu. Yaliyoonyeshwa yalikuwa mambo ya mvuvi, baba, mwalimu na mama. Hotuba imeyarudisha yote juu ya mabega ya binti. Sina ugomvi na wageni rasmi kama watu. Nina ugomvi na wakati wanaopewa.

Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, jirani kabisa na Mugango, alitoa mwaka 1963 tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare wa Julius Caesar, nao una somo lifaalo hapa. Brutus anasimama mbele ya umati kueleza kwa nini wamemwua Kaizari, na umati unamshangilia. Mara baada yake anasimama Mark Antony, na umati ule ule unatoka mbio kwenda kuchoma nyumba ya Brutus. Kati ya hotuba hizo mbili hakuna aliyepata nafasi ya kumgeukia jirani yake na kumwuliza anaonaje. Wanachuo wausome mchezo huo si kwa ajili ya Kaizari bali kwa ajili ya umati.

Hapana budi nijibu pingamizi moja, kwa kuwa walimu wanaoitoa ni watu wa busara. Wao husema kwamba mchezo mkali huwadhuru watoto. Nakubaliana nao kwa sehemu, tena sehemu kubwa kuliko wanavyodhani. Msichana wa darasa la sita akicheza nafasi ya mwenye mimba, atabaki na jina hilo bombani, njiani na darasani muda mrefu baada ya mchezo kusahauliwa. Mvulana aliyecheza mtongozaji ataitwa kwa jina la uigizaji na kujivunia. Kwa hiyo nafasi hizo zichezwe na watu wazima: na wanachuo wenyewe, na vijana wa kijiji waliokubali kwa hiari. Wanafunzi wapewe nyimbo, ngoma, na nafasi za majirani wanaosengenya, ambazo kwa kweli huzicheza vizuri kupita sisi. Tena mchezo usifanane na habari ya familia yoyote ijulikanayo. Akitokea mtu akauliza kama huyu si binti wa fulani, mtunzi hakufanya kazi yake. Lakini kuwalinda watoto hakuna maana ya kuulainisha mchezo. Wakiteremka mwaloni wanayaona hayo yote bila mtunzi yeyote.

Na mwalimu awe tayari, kwa maana lawama itamfikia yeye pia. Watu wakianza kusema kweli, mtu atauliza walimu walikuwa wapi binti alipokosa shule wiki mbili. Mwingine atasema, pengine kwa mzunguko, kwamba si wavuvi peke yao. Mwalimu mkuu aliyeketi mstari wa mbele atageuka kukutazama. Mwanachuo anayetaka kuanza kazi kwa amani atashawishika kulifunga jambo hapo. Ushauri wangu ni kwamba serikali ya kijiji, kamati ya shule na mwalimu mkuu waelezwe mapema siku, mada na utaratibu, pamoja na kuelezwa wazi kwamba baada ya mchezo watu watasema. Hiyo ni heshima. Lakini usiwaombe waongoze majadiliano.

Juu ya lugha nitasema machache. Mchezo uchezwe kwa Kiswahili, ambayo ni lugha ya shule na ya taifa. Lakini ukimlazimisha bibi wa Mugango asimame mbele ya watu aseme uchungu wake kwa Kiswahili cha vitabuni, atasema kwamba mchezo ulikuwa mzuri, kisha ataketi. Mwache aseme Kijita au Kikwaya, na mtu mwingine afasiri.

Lipo pia jambo la siku, ambalo vitabu vya mbinu havilitaji kwa kuwa havikuandikwa ziwani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Ukiweka mchezo wako katika siku za giza, wavuvi wako majini usiku na mchana wamelala, nawe utawahubiria wanawake na watoto habari za watu wasiokuwapo. Weka mchezo wakati wa mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imepumzishwa. Hapo watakuja, kwa kuwa hawana kazi, na mvuvi wa mchezo atachezwa mbele ya wavuvi wenyewe. Usishangae wakitetea upande wao kwa hoja nzito kuliko za mtunzi.

Lililobaki ni mwisho wa mchezo. Michezo mingi ya shule bado humalizika kwa binti kufukuzwa, au kufa akijaribu kutoa mimba, na ndipo wimbo wa kuaga huimbwa. Mwisho huo umepitwa na sheria pamoja na taratibu. Tangu mwaka 2016 sheria ya elimu inampa aliyempa mimba mwanafunzi kifungo cha miaka 30, na tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu mwanafunzi aliyekatiza masomo kwa sababu ya mimba kurudi katika shule ya mfumo rasmi. Hivyo swali la kijiji si tena kama shule itamfukuza. Swali ni kama baba atamrudisha, nani atamlea mtoto saa za masomo, na kama wenzake watamwacha akae darasani bila kuchekwa. Mimi ningeukata mchezo hapo: binti yuko nje ya ua, kanga begani, daftari mkononi, mama anamtazama baba, baba hajasema. Wachezaji wabaki walivyo. Mwalimu atoke mbele, aulize watu baba ajibu nini, kisha aketi chini pamoja nao akiwa na karatasi na kalamu, na asiseme tena mpaka wamesema watu kumi.